Mgonjwa Aliyekuja na Mvua

Jumatatu, 17 Novemba 2014

Wakili wangu ameniagiza niandike kila siku, hata siku ambayo sikufanya lolote. Anasema mtu akishtakiwa husahau upesi alivyokuwa kabla ya hapo. Nimemwambia mimi si mtu wa kusahau. Akacheka. "Basi andika tu, Daktari, unifurahishe mie."

Anaitwa Machano, Mzanzibari aliyekuja Durban kusoma sheria akanogewa na mji. Ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa hapa Overport, karibu na kliniki yangu, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka kinaniudhi. Changu, anasema, kimeteremka kutoka Bukavu kwa miguu.

Shtaka ni hili. Bima moja ya afya inasema kwamba kuanzia Aprili hadi Oktoba nimedai malipo ya kumtibu Juvénal Niyonkuru, Mrundi aliyekuwa akiendesha foklifti kwenye bohari moja ya Isipingo. Ni kweli nimemtibu, presha na kifua. Tatizo ni kwamba Juvénal alifariki tarehe saba Februari. Mwajiri wake aliendelea kuwalipia bima mjane na mtoto, ndiyo maana kadi haikufungwa, na mimi, kwa maneno yao, nimekuwa nikivuna juu ya kaburi.

Nilicheka hadi machozi. Halafu nikaacha, kwa kuwa Machano hakucheka. Kamati ya madaktari ikiniona na hatia, jina langu linafutwa na sitatibu tena mtu katika nchi hii. Nilipofika hapa nililinda magari ya watu huko Morningside miaka mingi, fulana ya njano kifuani na shahada chini ya godoro, kabla ya kufaulu mitihani yao. Sirudi kwenye fulana ile.

"Lakini mtu huyo nimemwona," nilimwambia Machano. "Nimemwekea mkono mgongoni."

"Hilo ndilo linalonitia baridi," akasema.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimemuuliza Estella, anayepokea wagonjwa pale mbele, kama anamkumbuka Papa Irakoze. Sisi hatumwiti mtu mzima kwa jina lake tupu. Juvénal ana binti anayeitwa Irakoze, basi yeye ni Papa Irakoze na mkewe ni Mama Irakoze. Estella ni mtu wa Lubumbashi, nilimwajiri mwezi wa tatu.

"Ule wa koti, wa veste ya brun? Iko anakuya kila mwezi, Docteur. Muntu mupole."

"Alikufa Februari, Estella. Kabla hujaanza kazi."

Akaacha kutafuna. "Eish. Sasa ni nani nilikuwa napatia kiti?"

Nikamwambia asiseme kitu kwa mtu yeyote. Ningemwambia mvua isinyeshe.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuna jambo. Tumbili wameingia jikoni wakaondoka na mkate.

Alhamisi, 27 Novemba

Habari imefika saluni, imefika kanisani, imefika kwa wauza simu. Leo wagonjwa walikaa wote upande mmoja wa chumba, wamebanana bega kwa bega, na kiti cha dirishani kikabaki kitupu. Nilitoka nikamwambia mzee mmoja akae pale apate hewa. Akasema anapenda joto. Durban, Novemba, anapenda joto!

Alhamisi, 4 Desemba

Wagonjwa wanne tu. Machano anauliza kama nimeandika. Nimeandika.

Jumanne, 9 Desemba

Mama mmoja wa Kikongo, msusi, ameingia akakaa bila kuvua mkoba begani. Nikamuuliza anaumwa nini. Haumwi.

"Docteur, banasema bafu banapitaga kwako," akasema, akimaanisha wafu, akiutazama mlango na siyo mimi. "Mutoto yangu alikufa mu mwezi wa saba. Ni mudogo, hajue njia. Hakukuya hapa?"

Nilikasirika. Nilimwambia hii ni kliniki, nimesoma miaka saba, sipokei mizimu. Akainuka taratibu, akaniomba msamaha, akatoka. Estella hajasema nami tangu saa ile, na anasafisha meza kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 12 Desemba

Wengine wawili wa aina hiyo. Mmoja amekuja na picha. Nimewarudisha, safari hii kwa sauti ya chini.

Jumanne, 16 Desemba

Leo ni sikukuu, kliniki imefungwa. Niko nyumbani Morningside na umeme hakuna. Machano ametaka niandike kila ninachokumbuka kuhusu ziara zile. Nyingi zimechanganyika: koti la kahawia, kikohozi, presha iko juu, punguza chumvi, kwaheri. Ya mwisho tu ndiyo ninayo nzima.

Ilikuwa Alhamisi tarehe kumi na sita Oktoba, alasiri. Radi ilipiga mahali karibu na umeme ukakatika. Estella alikimbilia dukani kununua mishumaa, na mvua ikamzuia huko. Nilikuwa peke yangu, nimeegemea dirisha, nikasikia mtu akibisha. Papa Irakoze. Nilifurahi kumwona, maana giza halimpendezi mtu aliye peke yake. Nikamwambia aketi.

"Kifua kinasemaje?"

"Kimeacha, Docteur. Nimekuja tu unisikilize."

Chumba kile kina paa la bati. Nilimwekea kifaa mgongoni, nikamwambia avute pumzi. Nitaandika ukweli: sikusikia kitu isipokuwa mvua. Ilikuwa imejaa masikioni, siwezi kuapa kwamba nilisikia pumzi, siwezi kuapa kwamba nilisikia moyo. Nikaitikia kwa kichwa, kama madaktari wote wanavyoitikia wanapochoka. Nikasema, "Uko mzima, Papa Irakoze."

"Kweli naweza kwenda?"

"Nenda tu, nenda."

Akafunga vifungo vya koti lake, akaniaga kwa mikono miwili. Sikumwandikia dawa. Umeme uliporudi nikatoa faili lake nikajaza madai ya ziara ile, kama ninavyofanya kwa kila mgonjwa. Nimeyasoma haya niliyoandika mara mbili. Sitaki kuyasoma tena.

Jumapili, 21 Desemba

Tumekwenda Isipingo, mimi na Machano, nyumbani kwa mjane, Immaculée. Nilimwona mara ya mwisho alipokuwa na mimba ya Irakoze. Alitukaribisha kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la matairi, akatuletea Fanta, akamtuma mtoto akacheze nje. Hakulia. Alisema tu, "Tulikungoja kwenye matanga, Docteur. Hukukuja."

Siendi kwenye matanga. Nimesema hivyo miaka yote na kila mtu anajua: daktari akihudhuria matanga ya kila mtu, atatibu saa ngapi? Lakini pale, na chupa ya Fanta mkononi, maneno hayo hayakutoka. Ningekwenda ningejua amekufa, na nisingekuwa hapa nilipo.

Machano akamuuliza kwa adabu nani amekuwa akiitumia kadi ya marehemu. Immaculée akamtazama kana kwamba ameuliza jua linatoka wapi.

"Papa Irakoze. Iko anarudi sasa hivi, alienda kanisa."

Machano, mtu wa vifungu vya sheria, alianza kusoma kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mlango ukafunguliwa akaingia Juvénal. Koti la kahawia, mabega yale yale, mwendo ule ule wa kuinamisha kichwa chini ya fremu. Akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, kichwani mwa meza, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia. Nilisimama. Chupa ilianguka.

"Docteur, kaa," akasema. "Mimi ni Léonidas, mdogo wake. Ila humu ndani usiniite hivyo kwanza."

Ukoo wao una utaratibu wake. Kaka akifa, mdogo anayemfuata anakaa mahali pake mpaka matanga yaondolewe, mwaka mzima. Kiti chake, koti lake, nafasi yake kwenye benchi la kanisa, mtoto wake. Marehemu hajui bado kwamba ameondoka. Asikute pengo nyumbani akahangaika. Siku ya kuondoa matanga anaambiwa aende, na mdogo mtu anarudi kuwa mwenyewe. Kila jioni tangu Februari Léonidas amevaa koti lile. Likitoka mwilini mwake hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Na kadi?" Machano akauliza.

"Kadi ni kitu gani mbele ya mtoto?" Léonidas alionekana kushangaa kweli. "Nilikuwa nakohoa. Nikaenda kwa Docteur wake. Docteur akanipokea vizuri, akasema karibu Papa Irakoze. Sikumdanganya. Nilikuwa yeye."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Ana kovu linalokata nyusi ya kushoto. Kubwa, kipofu angeliona. Amekaa mbele yangu mwezi hadi mwezi na mimi nikashughulika na presha yake.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Kuku na mvua.

Jumatatu, 5 Januari 2015

Léonidas atatoa ushahidi. Machano amepatana na bima isimshtaki, mradi kadi irudishwe na aseme ukweli wote. Lakini hatasema mbele ya kamati "mimi ni Léonidas" kabla ya tarehe saba Februari, siku ya kuondoa matanga. Kusikilizwa kwangu ni tarehe ishirini na tisa Januari.

"Mwambie wasogeze!" Machano alipiga kelele. "Hata sisi huko kwetu tuna arubaini, lakini mtu anaweza kuswali mapema!"

Nilimpigia Léonidas. Akanijibu taratibu kwamba wakimwondoa kaka yake kabla ya siku yake, watakuwa wamemfukuza. "Utanisamehe, Docteur. Wewe ungefukuza kaka yako?" Machano ameandika kuomba ahirisho.

Ijumaa, 9 Januari

Ahirisho limekubaliwa. Tarehe ishirini na sita Februari. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 14 Januari

Joto la kukamua. Machano amepitia tarehe zote na Léonidas, moja moja. Amenipigia nikiwa na mgonjwa, akaniambia nipande ofisini kwake. Nilimkuta amefungua dirisha na amevua tai.

"Ziara zote kazikubali, Daktari. Zote. Isipokuwa ya mwisho."

"Amesahau."

"Hakusahau. Alikuwa Johannesburg wiki nzima ile, kapakia mizigo ya watu. Na wenye lori wanamjua, na picha kapigwa." Akanitazama. "Tarehe kumi na sita Oktoba ulimwona nani?"

Nikamweleza. Radi, bati, vifungo. Nilipofika mahali pa "kweli naweza kwenda?" aliinuka akafunga dirisha, joto lote lile, akakaa tena. Chini dukani watu walikuwa wakibishana bei ya kitambaa na nilitamani kushuka nikabishane nao.

Najaribu kuukumbuka uso wa alasiri ile. Kulikuwa na kovu? Nafumba macho namwona vizuri, koti, mikono, sauti. Pale penye nyusi pana giza.

Jumatano, 21 Januari

Umeme umekatwa tena. Ulipokatika Estella aliingia bila kubisha akasimama karibu na mimi. Mwanamke huyu haogopi mwenye nyumba wala polisi. Tulingoja hivyo mpaka ukarudi, na kila mtu akajifanya alikuwa akitafuta kitu.

Jumatano, 28 Januari

Yule msusi wa mwezi wa Desemba nimemwona barabarani, penye robot, taa za kuongozea magari. Nilitaka kumsimamisha. Nikavuka.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda kwenye matanga. Nimevaa suti.

Watu walikuwa wengi, viti vimefika mpaka mbele ya duka la matairi. Wali, maharage, ndizi, bia. Mchungaji aliomba, kisha mzee wa ukoo akasimama akamwita Juvénal kwa jina lake kamili, akamshukuru, akamwambia nyumba iko salama, aende kwa amani. Léonidas akavua koti akamkabidhi mzee. Alibaki na shati jeupe, mwembamba kuliko nilivyomdhania. Watu wakampigia makofi wakimwita Léonidas, Léonidas, na yeye akalia kwa kwikwi mbele ya watu wote. Mwaka mzima alikuwa hajalia, nikaelewa. Mtu hajililii mwenyewe.

Baadaye Immaculée alinivuta pembeni.

"Docteur, niambie. Mwezi wa kumi, Léo alikuwa Joburg, veste aliiacha hapa. Siku moja mvua ilikuwa kubwa sana, nikaangalia kwa musumari, veste haiko. Nikatafuta nyumba yote. Saa ya kulala nikaikuta kwa musumari wake. Siku ile alikuja kwako?"

Wakili wangu amenionya nisiongee na shahidi yeyote kuhusu tarehe ile. Nikasema, "Alikuja."

"Alisema nini?"

"Alisema kifua kimeacha. Akaniuliza kama anaweza kwenda. Nikamwambia yuko mzima, aende."

Alijifunika uso kwa mikono. Nilidhani nimemuumiza, kumbe anacheka, anacheka na machozi yanapita kati ya vidole. "Njo maana," akasema. "Njo maana tangu siku ile nyumba ilitulia. Nilifikiri tunamufukuza leo. Kumbe wewe ulishamupa ruhusa." Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, mimi niliyemwacha azike mume wake bila kumpa hata pole.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Sijui naamini nini. Najua tu nimemfaa mtu leo kuliko kwa dawa.

Jumatano, 25 Februari

Machano ameninoa tangu asubuhi. Ziara zote zimejibiwa na Léonidas. Imebaki moja, na bima imeing'ang'ania hiyo hiyo: ziara moja ya uongo inatosha kunifuta.

"Utasema umeme ulikatika," akasema. "Gizani ukachukua faili lisilo lake. Hakuna mtu aliyekuja. Kosa la kibinadamu, umetubu, umerudisha pesa yao. Watakuonya, utakwenda zako kutibu watu."

"Nilimwona, Machano."

"Nakuamini." Alisema bila kunitania, na hiyo ilinitisha kuliko kukanushwa. "Nakuamini, na ukilisema kesho hilo watakufuta, kisha watakupeleka kupimwa akili. Unataka lipi?"

Alhamisi, 26 Februari

Chumba cha baridi, maji kwenye glasi, watu watano mezani. Mwenyekiti ni daktari mama mtu mzima mwenye macho ya upole. Léonidas alisema jina lake kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, akaeleza yote, kiti na koti na kadi, na mkalimani alipokuwa akitafsiri mwanakamati mmoja aliacha kuandika akasikiliza tu. Immaculée aliapa kwamba ndivyo ilivyo nyumbani kwao. Kisha akarudi kukaa nyuma, na mkalimani akaketi kando yake akimnong'oneza kila kinachosemwa.

Wakaniita mimi. Mwenyekiti akauliza, "Daktari, tarehe kumi na sita Oktoba ulimwona nani?"

Niliutazama mkono wangu wa kulia, ule uliomshika mgongo. Niliiona fulana ya njano.

"Hakuna mtu," nikasema. "Umeme ulikatika. Gizani nilichukua faili lisilo lake. Hakuna mtu aliyekuja siku ile."

Maneno yalitoka laini kabisa. Nilisikia mkalimani akiyanong'ona kule nyuma, nikasikia ananyamaza. Sikugeuka. Miezi yote hii wameniita mwongo nami nimesema kweli, na neno moja la uongo nililolisema ndilo waliloliitikia kwa vichwa.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeshinda. Onyo la maandishi, basi. Machano amenipigia akiimba. Estella ameleta soda na biskuti, wagonjwa wamepiga vigelegele, na mtu amekaa kwenye kiti cha dirishani.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua zimekwisha, asubuhi ina ubaridi. Estella alisema Mama Irakoze yupo nje na mtoto. Nikatumaini mtoto ana homa.

Hakuna aliyekuwa na homa. Immaculée alikaa na mtoto mapajani, mgongo wima, kama mtu aliyekuja kwenye ofisi ya serikali.

"Félicitations, Docteur. Tuliomba sana juu yako."

"Asante, Mama Irakoze."

"Nimekuja kuuliza kitu moja, halafu naenda. Siku ya matanga uliniambia alikuja. Kule mbele ya wakubwa, na mkono juu, uliapa hakuna mutu alikuja." Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningeshukuru angekuwa nayo. "Mutu hawezi kudanganya na ameapa. Basi kwangu njo ulinidanganya, sababu uliniona mujane, ukanihurumia. Ni vile?"

Bima ina muda wa kukata rufaa mpaka mwisho wa mwezi. Machano amenikataza kufungua mdomo mbele ya mtu yeyote, na hasa mbele ya huyu. Mlango ulikuwa wazi na wagonjwa wamejaa hadi ukumbini. Mtoto alikuwa ananiangalia na macho ya baba yake.

"Kulikuwa giza, Mama Irakoze," nikasema. "Nilikosea."

Akaitikia kwa kichwa. Akamfunga mtoto sweta, akainuka.

"Haya. Basi hakuna mwenye alimuambia yuko muzima. Alitoka nyumbani na mvua, hakufika kwa daktari, na sisi tukaondoa matanga, tukafunga mlango." Alisema haya taratibu, akiyapanga, kama mama anayehesabu vitu vya kupika. "Nitamuambia Léo. Itabidi tuanze mwaka tena."

Akaniaga kwa mikono miwili wakatoka. Nilibaki nimesimama mpaka Estella akachungulia kuuliza kama anayefuata aingie, nikamwambia aingie.